Kilima cha Seefin na Bendera Nyekundu

Kusini ya Dublin, mji mkuu wa Ireland, ipo milima ya Wicklow. Wapandaji wengi huviendea vilele vyenye sifa kubwa. Wachache hukikumbuka kilima cha Seefin, chenye urefu wa mita 621 tu. Jina hilo maana yake ni Kikao cha Fionn, shujaa wa ngano za kale aliyeongoza kikosi cha wapiganaji.

Njia ya kupandia hupita kando ya uwanja wa shabaha wa jeshi, huko Kilbride. Bendera nyekundu ikipepea, askari wamo katika mazoezi ya kupiga risasi, na raia hana budi kutii. Hilo ndilo somo la kwanza la kilima hiki: kurudi nyuma si woga.

Mpando ni mkali, lakini si mrefu. Msitu wa miti iliyopandwa ukiisha, hufuata nyasi na ardhi nyeusi ya mboji, iliyolowa maji kama sifongo. Cha kuogopwa zaidi ni ukungu, ambao huweza kushuka kwa dakika chache na kuimeza njia. Kwa hiyo mwenye busara hutwaa ramani, dira, koti la mvua na chakula. Tena huwaarifu jamaa zake saa atakayorejea, ili wasikeshe kwa wasiwasi.

Milima hii iliwahi kuwa maficho. Baada ya uasi wa mwaka 1798, Michael Dwyer na wenzake walijificha humo. Waingereza wakajenga Barabara ya Kijeshi, kuanzia mwaka 1800 hadi 1809, wapate kuwafikia waasi. Dwyer alijisalimisha Desemba 1803, nayo barabara haijakwisha.

Kileleni pana kaburi la mawe lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mwaka 1931 mtaalamu wa mambo ya kale, R. A. S. Macalister, alilichimbua, asikute mfupa wala chombo. Kilichosalia ni kazi ya mikono ya watu walioyapanga mawe yale kwa heshima ya wafu wao.

Basi ukungu ukitanda kabla ya kilele, mpandaji na arudi kwa wanawe. Kilima kilichongoja karne nyingi hakitashindwa kungoja hadi Jumapili ijayo. Wahenga walisema: Kawia ufike.