Maoni ya Mwalimu: Pampu Nzima, Maji Yanamwagika

Kila ninaposahihisha majaribio hapa Miburani, Mafia, hukutana na jibu lile lile: "Mutesheni huharibu jeni, na protini yake huharibika." Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kwa maoni yangu, ukiingia nalo kwenye chumba cha mtihani utakuwa umekariri, hujaelewa.

Fikiria pampu ya kisima cha shule. Mlinzi huiwasha tangi linapokauka na kuizima linapojaa. Akiiwasha kisha akatoroka, maji yatamwagika usiku kucha. Akija mlinzi mwingine asiyesikia amri ya kuwasha, mtakosa maji. Siku zote mbili pampu ni nzima. Tatizo ni mlinzi.

Bakteria aitwaye Escherichia coli ana mpango kama huo. Anazo jeni za kutengeneza vimeng'enya vya kutumia laktosi, sukari ya kwenye maziwa. Mlinzi wake ni jeni ya udhibiti iitwayo lacI, inayotengeneza protini ya kizuizi. Laktosi ikikosekana, kizuizi hushika DNA na jeni hizo huzimwa. Laktosi ikiwapo, kizuizi huachia. François Jacob na Jacques Monod walieleza jambo hili mwaka 1961 huko Paris, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff.

Walilijuaje? Kwa kuchunguza bakteria wenye mutesheni. Kizuizi kikishindwa kushika DNA, vimeng'enya hutengenezwa hata pasipo laktosi, nishati ikapotea bure. Kizuizi kikishindwa kuitambua laktosi, jeni hubaki zimezimwa hata sukari hiyo ikiwapo.

Usidhani haya ni ya maabara za Ulaya tu. Barani Afrika, Malawi na Kenya zikiwamo, yupo Salmonella wa kundi la ST313 anayeingia kwenye damu na kuua watoto wadogo, hasa wenye malaria au utapiamlo, pamoja na watu wazima wenye VVU. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba ana badiliko la herufi moja katika promota, yaani swichi, ya jeni iitwayo pgtE. Kwa sababu hiyo hutengeneza kimeng'enya kingi zaidi kinachomsaidia kustahimili kinga iliyomo katika damu yetu. Kimeng'enya ni kile kile. Kilichoongezeka ni kiasi.

Kwa hiyo, ukikutana na swali la mutesheni, jiulize mambo matatu:

1. Badiliko liko wapi: kwenye pampu, kwa mlinzi au kwenye swichi?
2. Kimebadilika nini: umbo la protini au kiasi chake?
3. Kiumbe amepata hasara, faida, au hakuna tofauti?

Ukiyajibu hayo, hutahitaji kukariri. Na siku utakapokuwa muuguzi au mtaalamu wa maabara, mbele yako akiwa mtoto mwenye homa, utakumbuka kwamba herufi moja inatosha kumpa bakteria nguvu.