Sheria Ikifa, Maneno Yake Hubaki

Sisi tunaofundisha lugha hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba msamiati huzaliwa sokoni na vijiweni. Nashikilia kwamba mwingine huzaliwa bungeni, na mzazi akifa mtoto huendelea kuishi. Ushahidi wangu nautoa katika soko la bunduki la Marekani.

Tarehe 13 Septemba 1994, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyokataza kuwatengenezea raia bunduki kadhaa zinazojipakia risasi, pamoja na magazini za kubeba zaidi ya risasi 10. Sheria hiyo ilipewa umri wa miaka 10 tu, na silaha zilizokuwapo tayari hazikuguswa. Hapo ndipo wauzaji walipobuni majina mawili: za "kabla ya marufuku" na za "baada ya marufuku". Chuma ni kile kile, risasi ni zile zile. Kilichouzwa ni tarehe! Nazo "silaha za kushambulia" zilitambuliwa zaidi kwa viungo vyao, kama vile kitako cha kukunja na mahali pa kuchomeka singe. Viwanda viliondoa viungo hivyo na kuendelea na biashara. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa udhaifu wa fasili kabla haujawa udhaifu wa polisi.

Mwaka 2004 muda ulikwisha na Bunge la Marekani halikuihuisha sheria. Thamani ya ziada ya "kabla ya marufuku" ilififia katika majimbo mengi, lakini si Massachusetts, ambako sheria ya jimbo iliendelea kuitegemea tarehe ile ya 1994. Neno moja likawa fedha upande huu wa mpaka, na historia tu upande wa pili. Hata magazini za miaka ile, zilizopigwa chapa kuwa ni za polisi na serikali pekee, raia wa majimbo mengi waliweza kuzinunua ilhali maandishi yangali yanawakataza.

Lakini mfano ninaouthamini zaidi ni wa kampuni ya Intratec. Bastola yake ya TEC-9 ilitajwa kwa jina katika sheria. Kampuni ikaifanyia mabadiliko machache na kuiita AB-10, herufi zinazosimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya "baada ya marufuku". Intratec ilifungwa mwaka 2001, sheria ikafa mwaka 2004, na herufi hizo mbili zingali zimechorwa kwenye chuma.