Sura ya Baa Haitoki

Mwenzetu mmoja aliandika katika kurasa hizi kwamba mwandishi chipukizi akitaka kufika mbali aikimbie baa kama anavyoukimbia ukoma. Aliandika vizuri, simnyimi haki yake. Alitaja bia, baamedi, madeni, na kijana aliyeuza cherehani ya mama yake kulipia kreti. Nilisoma mpaka mwisho nikingoja aseme alisikia nini huko baa kabla hajatoka mbio. Hakusema. Nina wasiwasi hakukaa.

Mimi nilikaa. Kwa miaka miwili, kuanzia 2022, nilikuwa Edinburgh, Scotland, kwa mama mdogo ambaye ni muuguzi, nikiosha vyombo jikoni hotelini. Nilivyofika huko ni hadithi nyingine. Nimerudi Dar sina gari wala digrii. Nina cheti kile kile cha kidato cha sita na muswada wa riwaya, kurasa mia mbili na kitu. Sura ya saba ya riwaya hiyo inatokea baa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Watu sita wamekaa meza moja, wanaongea. Hakuna anayepigwa chupa, hakuna anayepata mimba, hakuna anayeambukizwa gonjwa. Mhariri mmoja wa hapa jijini, simtaji, aliusoma muswada akanirudishia na ushauri wa wino mwekundu: sura ya saba itoke, au mmoja wa hao sita aharibikiwe, ili vijana wapate funzo.

Haitoki, na haharibikiwi mtu.

Hebu tukumbuke riwaya tulizosoma. Katika Rosa Mistika, iliyotoka 1971, yupo Zakaria, baba mlevi. Sina ugomvi na Kezilahabi. Zakaria ni mtu kamili, unamchukia na unamhurumia katika ukurasa mmoja. Ugomvi wangu ni na sisi wajukuu, tuliochukua chupa ya Zakaria tukamwacha Zakaria mwenyewe. Siku hizi mhusika akiingia baa ukurasa wa kumi, wa ishirini yuko mochwari. Meja Mwangi alipoandika Going Down River Road, mwaka 1976, aliwakalisha Ben na Ocholla, vibarua wa ujenzi wa Nairobi, kwenye baa chafu wakanywa na kubishana kama watu wenye akili zao. Mchana wanajenga ghorofa ambalo hawatalala ndani yake, jioni wanapata pa kusemea. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza. Kwenye Kiswahili chetu vibarua wakikaa baa tunawatafutia polisi.

Na hadithi za majuu je? Ziko mbili tu. Ya kwanza ni baridi, ubaguzi na machozi, ya pili ni picha umeegemea gari la mtu. Baridi ipo, jamani, Januari jua linazama kabla hujamaliza sufuria za chakula cha mchana. Ubaguzi nao nimeuonja, mtu kituo cha basi alinitamkia neno ambalo sitaliandika. Lakini ningeandika hayo peke yake ningewadanganya, kwa sababu saa moja baada ya neno lile nilikuwa Leith, baa, na watu watano walikuwa wamenisogezea kiti.

Leith ni upande wa bandari. Ulikuwa mji unaojitegemea mpaka 1920 ulipounganishwa na Edinburgh, na wazee wa pale wanalisema jambo hilo kama limetokea juzi. Baa yetu ilikuwa ndogo, kaunta ya mbao, haina televisheni, haina muziki. Majina ya washikaji zangu siyaweki gazetini, hawakuniomba. Alikuwapo fundi bomba mstaafu, ambaye nilimwita Mzee. Alikuwapo dada wa Kipolandi aliyesafisha ofisi usiku, dereva wa teksi kutoka Sudan, muuza vitabu vya mitumba, na mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Nilipowaeleza maana ya shikamoo, huyo mwalimu akaamua kuanzia siku hiyo fundi amwamkie kila jioni, maana alimzidi umri kwa miezi mitano. Na alimwamkia! “Shikamoo” ya mzee wa Leith, mkiisikia mtacheka mpaka mlie.

Sasa nifike kwenye raundi, maana hapo ndipo penye hoja yangu. Kule hakuna kununua chako ukanywa. Mkikaa sita, mmoja anainuka, anamwuliza kila mtu, anakwenda kaunta, analipa, anarudi amekumbatia glasi. Zikikaribia kwisha anainuka wa pili. Hakuna daftari wala bili ya mwisho wa usiku, lakini kila mtu anajua zamu ni ya nani, na anayekwepa zamu mara mbili anajulikana mtaa mzima. Msudani wetu ni Mwislamu, pombe hanywi wala hainunui. Soda yake ya tangawizi ilihesabiwa sawa na painti ya mtu yeyote, na zamu yake ikifika alileta karanga na viazi vya pakiti kwa meza nzima. Hakuna aliyemdai zaidi. Wiki ambayo mfuko wangu ulikuwa mtupu nilisema mapema, “Leo simo kwenye raundi,” nikakaa na glasi moja mpaka ilipopigwa kengele ya kufunga kaunta. Hakuna aliyeniangalia vibaya.

Linganisheni na ofa yetu. Anaingia mheshimiwa, anaweka funguo za gari mezani, anasema, “Hebu wape hao wote.” Tunashangilia. Kuanzia hapo tunacheka vichekesho vyake, tunakubali siasa zake, na akisema Simba Jumapili itafungwa, sisi wana-Simba wenyewe tunatikisa kichwa. Raundi inawafanya watu wawe sawa kwa saa tatu. Ofa inamfanya mmoja bosi na waliobaki wapambe. Ukitaka kujua kwa nini mazungumzo mengi katika riwaya zetu ni hotuba ya mtu mmoja na “ndiyo mzee” za wengine, angalia nani kalipia bia.

Kuna siku hoteli moja niliyokuwa nafanya kazi ilinikata mshahara wa wiki mbili bila maelezo. Nyumbani niliona haya kumwambia mama mdogo. Baa nilisema, kwa sababu mezani pale watu walikuwa wanataja mishahara yao kama wanavyotaja hali ya hewa. Mzee fundi ujana wake alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye chama chao. Aliomba mkataba wangu, akavaa miwani, akausoma mstari kwa mstari huku bia yake ikipoteza povu. Mwalimu akaandika barua, akanisahihisha Kiingereza changu bila kunitukana. Baada ya siku tisa fedha ililetwa yote. Huyo ndugu yetu anayesema baa ni mahali pa kupoteza mshahara, na hilo aliandike.

Nije kwenye uandishi wenyewe, kwa sababu hapa sote tunautaka. Edinburgh si mji mgeni kwetu. Mwalimu Nyerere alisoma chuo kikuu pale kuanzia 1949 hadi 1952. Simwingizi Mwalimu baa kwa nguvu, msinisingizie. Lakini karibu na chuo hicho, Forrest Road, kuna baa inaitwa Sandy Bell's, na humo Hamish Henderson, mshairi na mkusanyaji wa nyimbo aliyefariki 2002, alifanya kama ofisi yake ya pili. Mchana alikuwa msomi wa taasisi ya utamaduni wa Scotland, iliyoanzishwa 1951 ndani ya chuo hicho hicho, akirekodi nyimbo za wakulima, vibarua na watu wa kuhamahama ambao wasomi wengine waliwaona hawana fasihi. Jioni nyimbo hizo ziliimbwa tena baa na wenyewe. Zilirudi mdomoni, hazikuozea maktaba. Sisi tuna watu wangapi wanaokusanya yanayosemwa kilabuni Tandale au kwenye mbege kule Kilimanjaro, ambako wazee wanapokezana kibuyu kimoja na neno linakwenda na kibuyu?

Kisha kuna lugha. James Kelman wa Glasgow aliacha shule akiwa na miaka 15. Mwaka 1994 alipata tuzo ya Booker kwa riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mtaani kwao, matusi na yote, na mmoja wa majaji wenyewe akalalamika hadharani kwamba ni aibu. Mwaka mmoja kabla, Irvine Welsh, mtoto wa Leith, alitoa Trainspotting kwa lafudhi ya watu wale wale niliokaa nao. Nilikinunua kwa muuza vitabu wetu. Kurasa za mwanzo sikuambulia kitu. Jioni moja mzee fundi akanisomea kwa sauti, na kila kitu kikafunguka, kwa sababu sauti ile nilishaizoea. Wenzangu wa kidato cha sita, mnaongoja kwenda chuo kikuu ndipo muandike: sikio halina sifa za kujiunga.

Sisemi baa yao ni pepo. Jumba la picha la taifa lina mchoro mmoja maarufu wa Alexander Moffat, wa mwaka 1980, unaoitwa Poets' Pub. Hugh MacDiarmid kawekwa katikati, na akina Norman MacCaig na Sorley MacLean wamemzunguka. Baa yenyewe haipo, mchoraji kaunganisha baa kadhaa za kweli kuwa moja. Yule mwalimu mstaafu ndiye aliyenipeleka. Alisimama mbele ya wanaume wale wote na glasi zao, akaniuliza, “Na mimi nimekaa wapi hapo?” Sikuwa na jibu. Sura ya saba ina wanawake wawili mezani, wanaongea kuliko wote, na mhariri wetu kwenye pambizo ameuliza kama ni malaya.

Wala sisemi pombe ni maziwa. Scotland mwaka 2023 watu 1,277 walikufa kwa maradhi na sababu zinazotokana moja kwa moja na pombe. Serikali yao iliweka bei ya chini kabisa ya pombe mwaka 2018 na kuipandisha 2024. Brendan Behan wa Dublin alikufa 1964 akiwa na miaka 41, na wale vijana wanaoamini kalamu bila ulabu haiandiki wahesabu vitabu ambavyo hakuviandika. Lakini angalieni pombe hiyo inanywewa wapi. Sehemu kubwa inanunuliwa dukani na kunywewa nyumbani, mtu na kuta zake nne. Baa yetu, mzee fundi alipopotea siku tatu, dada wa Kipolandi alikwenda kumgongea mlango. Alimkuta kitandani na homa ya mapafu, simu imezima. Duka la pombe halimgongei mtu mlango.

Kwa hiyo nampinga mwenzetu, na vilevile nampinga yule anayekuja kunipongeza akidhani natetea ulevi. Nalilia meza. Baa za Dar zimeua maongezi zenyewe, wala hatuhitaji mhubiri. Spika mbili kubwa kama kabati, televisheni tatu za mipira tofauti, watu wanne wanasomeana ujumbe kwenye simu kwa sababu hawasikiani. Unakaa saa nne unatoka hujasikia sentensi moja ya kuiba.

Tangu mwezi wa pili tuko watano, grosari moja Sinza, kila Ijumaa. Tunakwenda kwa raundi. Mmoja wetu ni mlokole, anakunywa soda ya tangawizi, na zamu yake analeta mishkaki. Tulimwomba mwenye grosari apunguze muziki upande wetu. Alikataa, akasema wateja watakimbia. Tukamwambia basi tunahamia ng'ambo ya barabara. Sasa anauzima saa mbili hadi saa nne, anasimama nyuma ya kaunta amekunja mikono, anahesabu viti. Mpaka Ijumaa iliyopita alikuwa hajaondoka mtu.