Tuyajue Mayai ya Kiwavi Jeshi



Wengi wetu hapa Katelembo huanza kupigana na kiwavi jeshi siku tunapoona majani ya mahindi yametoboka. Siku hiyo tumekwisha kuchelewa. Kiwavi akikua huingia katika moyo wa mhindi na kuuziba kwa mavi yake, hata dawa tunayonyunyiza haimfikii sawasawa. Fedha zimekwenda, na adui bado yumo. Maoni yangu ni kwamba yafaa tumjue adui huyu tangu akiwa yai.

Kiwavi huyu si yule waliyemjua wazee wetu. Asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na hapa Kenya mwaka 2017. Mama yake ni nondo arukaye usiku. Hutaga mayai kwa mafungu, na fungu moja laweza kuwa na mayai 100 hadi 200. Jike mmoja aweza kutaga zaidi ya 1,000 maishani mwake.

Yai lenyewe ni dogo sana, upana wake haufiki nusu ya milimita. Kitako chake ni bapa, na juu limeviringana kama nusu ya kibuyu iliyofudikizwa. Ukilitazama kwa kioo cha kukuza utaona mistari imepanda toka kitakoni hadi kileleni. Pale kileleni pana tundu dogo mno, ambamo mbegu ya dume huingia kabla yai halijatagwa. Rangi yake kwanza ni kama ya maziwa au kijani hafifu, kisha hugeuka kahawia.

Jike hulifunika fungu kwa manyoya ya mwili wake. Basi mtu apitaye huona kama ukungu wa kijivu ulionata kwenye jani, akadhani ni uchafu tu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Wakati wa joto mayai hayo huanguliwa kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo kupita shambani mara moja kwa juma hakutoshi.

Lakini si kila yai ni la adui. Mayai ya manjano yaliyosimama wima pamoja ni ya yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, alaye vidukari. Yai lililoning'inia juu ya uzi mwembamba kama unywele ni la mdudu wa kijani mwenye mabawa kama wavu. Hawa ni marafiki, tuwaache. Tena yuko nyigu mdogo sana, Telenomus remus, ambaye hutaga ndani ya mayai ya kiwavi jeshi na kuyaua. Mwaka 2019 wataalamu waliandika kwamba ameonekana Kenya. Mayai aliyoyaingia huwa meusi. Ukiona fungu jeusi, litie katika chupa iliyofunikwa kitambaa chepesi. Wakitoka viwavi, waue. Wakitoka nyigu, wafungulie shambani. Mwenye kunyunyiza dawa ovyo huwaua askari hawa wasiodai mshahara.

Wako wasemao kwamba kutafuta mayai ni kazi ya watoto, na shamba kubwa haliwezi kukaguliwa jani kwa jani. Ni kweli haliwezi. Lakini mtu aweza kusimama mahali patano, akatazama mimea kumi kila mahali, chini ya majani na pale jani linapoungana na shina. Fungu la adui aliponde kwa vidole. Kazi hiyo haina gharama, na mimea michanga ndiyo ihitajiyo zaidi.

Nashauri kila wakulima kumi wachange wanunue kioo kimoja cha kukuza, na Bwana Shamba aombwe kutuonyesha mayai haya katika mashamba yetu mara mahindi yanapoota. Waalimu nao wawaonyeshe watoto. Mvua zetu za Ukambani ni chache, na mhindi ulioliwa moyo haungoji mvua nyingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.