Wacheni kuziba milango ya 504 na silikoni

Wasee, leo naongea na hasira kidogo. Guka yangu ana Peugeot 504, aina ile ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Mlango wa dereva ulikuwa unaingiza maji. Fundi akapaka silikoni kila mahali, hadi yale matundu madogo chini ya mlango. Mvua mbili tatu baadaye, ukifunga mlango unasikia maji yakicheza ndani kama mtungi. Kutu imekula bati.

Maji kupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango si shida. Yanafaa kutokea kwa hayo matundu! Kazi ya raba ya mlango ni kuyazuia yasifike kwa kiti. Na tusilaumu fundi peke yake. Raba tunaiona ghali, silikoni ni ya haraka.

Niliacha chuo, sawa, lakini hii nimesoma kwa magoti. Raba usiivute ukiiweka, baadaye itajirudi na kuacha pengo. Anza na kona, paka maji ya sabuni, sukuma na vidole. Mlango ukikataa kufunga, usikate kitu, raba mpya huwa ngumu. Kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshika kufuli, legeza skrubu zake, kisogeze nje kidogo, ukirudishe baada ya wiki kadhaa. Kisha funga mlango na karatasi katikati, uivute. Ikitoka bure, hapo bado.

Guka bado huweka taulo mlangoni mawingu yakikusanyika. Sijamwambia kitu.