Gari la Mchina Hutengenezwa Wapi?

Asubuhi moja nilikuwa nangoja pantoni pale Magogoni. Upande wa soko la samaki lilisimama lori jipya la FAW likishusha barafu. Mzee mmoja mwenye baiskeli akalitazama juu hadi chini, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mchina huyu. Mwaka mmoja tu, skrepa." Utingo, kijana aliyekuwa akitafuna muhogo mlangoni, akapandwa na hasira. "Mzee, shikamoo, lakini hili si la Mchina. Hili limetengenezwa Kibaha!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini ndani ya pantoni nilijikuta nabishana na wote wawili kimoyomoyo. Mzee alikosea. Kijana alikosea zaidi.

Nianze na mzee. Sisi wa Kariakoo tumezoea kuita "ya Mchina" kila kinachovunjika, tukasahau kwamba aliyepanda ndege kwenda Guangzhou na kuagiza cha bei ya chini kabisa ni Mswahili mwenzetu. Kiwanda kilimpa alichokitaka. Hiyo FAW yenyewe iliwekewa jiwe la msingi mjini Changchun mwaka 1953, na mwaka 1956 lori lake la kwanza, Jiefang, likatoka mlangoni. Lilikuwa nakala ya lori la Warusi, na Warusi ndio waliowashika mkono. Wachina hawakuona haya kuiga. Walichotaka ni kujua chuma kinayeyushwaje, gia inachongwaje, injini inamiminwaje. Dharau yetu inamwendea mtu aliyekwenda shule.

Sasa kijana. Ni kweli malori ya FAW huunganishwa Kibaha, mkoani Pwani. Lakini kuunganisha si kutengeneza, ndugu msomaji, hata tukiandika kwa herufi kubwa kiasi gani. Injini, giaboksi, diferensho na chesisi hushuka bandarini ndani ya makontena, zimeshakamilika. Mama lishe akinunua chapati kwa jirani, akazipanga vizuri sahanini, hatangazi kwamba amezipika.

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha kuunganisha magari, sitakitaja. Anakipenda, na mshahara wake unasomesha wadogo zake wawili; kwa hiyo sisemi kifungwe. Siku moja nilimwuliza kama wamewahi kutengeneza hapo hata bolti moja. Akanijibu bila kinyongo: "Bolti zinakuja kwenye mfuko, mjomba, zimehesabiwa." Jibu hilo halijaniacha mpaka leo.

Maana safari hii tumeshawahi kuisafiri. Hapo hapo Kibaha palikuwa na TAMCO, ikiunganisha malori ya Scania ya Sweden. Ilipokufa, haikuacha nyuma yake viwanda vya vipuri, kwa kuwa vipuri vilikuwa vikitoka kwa wenyewe. Na hapo hapo Kibaha jeshi letu lilikuwa na Nyumbu, lori lililobuniwa na Watanzania. Lilikuwa zito, na sura yake haikuwa ya kuvutia, lakini waliolibuni walijua kwa nini kila chuma kimekaa pale kilipokaa. Tulilionea aibu tukaendelea kuagiza. Chuma cha Liganga nacho kilitiliwa saini na kampuni ya Kichina mwaka 2011; miaka zaidi ya kumi ikapita hakuna tanuru lililowashwa.

Wenzetu wa Thailand walianza kwa kuunganisha pia. Lakini tangu miaka ya 1970 hadi 2000 serikali yao iliwashurutisha wageni kutumia kiasi fulani cha vipuri vilivyotengenezwa humo nchini. Kampuni ya Kichina ya BYD ilipofungua kiwanda Rayong mwaka 2024, iliwakuta mafundi na watengeneza vipuri wa tangu enzi za Wajapani.

Sisi mafundi tunao. Nendeni Gerezani, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo, mkaone mtu anavyochonga bushi kwa jicho na kuinyoosha springi iliyokata tamaa. Niliwauliza watano kama kiwanda chochote cha magari kimewahi kuwaagiza kitu. Wawili walidhani nafanya mzaha. Basi serikali inapompunguzia mtu ushuru kwa sababu gari lake limekuja vipande vipande, na imwulize kila mwaka: umenunua nini Gerezani? Akikosa risiti, alipe ushuru kama aliyeleta gari zima.

Jioni niliporudi, lori lile lilikuwa bado pale Magogoni. Nililizunguka polepole. Pembeni mwa bodi palikuwa na ndoano sita za kufungia turubai, zimechomelewa kwa nondo, moja imepinda kidogo. Hizo hazikutoka kwenye kontena. Nikamwuliza utingo amezipata wapi. "Gerezani, mzee," akasema, "elfu mbili mbili."