Meza Isiyo na Kipimo na Mtoto Anayesubiri Mchuzi

Kuna mikahawa duniani ambako mteja hulipa mara moja tu, akaketi, na chakula kikaendelea kumjia mpaka atakaposema basi. Nchini Brazil utaratibu huo huitwa rodízio. Wahudumu huzunguka na mishikaki mirefu ya nyama ya kuchoma, wakimkatia kila mtu kipande pale alipoketi. Katika mikahawa mingi mteja huwa na kibao kidogo: upande wa kijani unasema leteni, upande mwekundu unasema pumzikeni. Karibu na kwetu, mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, unafuata mtindo huohuo. Nyama huletwa kwenye panga za Kimasai, na mteja akishiba hulaza kibendera cheupe kilichosimama mezani, kama askari anayesalimu amri.

Wapo wanaosikia habari hizi wakasema ni ulafi mtupu wa wenye fedha. Sisi tunaona jambo lenyewe si jepesi hivyo. Meza ya namna hiyo ina funzo kwetu watu wa Lyamkena, Makambako na Njombe nzima.

Tutazame kwanza ilikotoka. Katika jimbo la Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazil, wachunga ng'ombe walikuwa na desturi ya kuchoma nyama kwenye moto wa wazi. Kuanzia mwaka 1875 wakaanza kufika huko wahamiaji kutoka kaskazini mwa Italia, wengi wao wakulima maskini. Chakula chao kikuu kilikuwa polenta, ambayo sisi tungeiita ugali bila kusita: unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto. Kwa kula polenta karibu peke yake mwaka hadi mwaka, watu wengi wa kaskazini mwa Italia waliugua pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini unaoharibu ngozi, tumbo na akili. Matumbo yalijaa, miili ikakosa.

Leo katika mji kama Caxias do Sul, ambako wajukuu wa wahamiaji hao wanaishi, mikahawa huleta supu, kuku mchanga wa kuchoma, tambi, mboga za majani na polenta ya kukaanga, na sahani hujazwa tena na tena. Polenta haikufukuzwa mezani, imepata wenzake. Kwa hiyo meza hiyo ya Kibrazili na Kiitalia, inayoonekana ya anasa, ni meza ya watu ambao wazee wao waliijua njaa, na waliijua hata ile njaa inayojificha ndani ya shibe.

Sasa turudi nyumbani. Makambako ni njia panda. Hapa barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita. Kila siku tunaona malori yakiondoka na viazi, mahindi na mbao, na siku hizi parachichi zinazovuka bahari. Hakuna anayeweza kusema mkoa wetu hauna chakula. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Majirani zetu wa Iringa wako asilimia 56.9. Maana yake ni kwamba katika kila watoto wawili wa mkoa huu, mmoja hakui inavyopasa. Na udumavu hauishii kwenye kimo. Hugusa ubongo, na mtoto huingia darasa la kwanza akiwa tayari ameachwa nyuma na wenzake.

Sababu ni nyingi: magonjwa ya kuhara, maji yasiyo salama, mama mjamzito anayelima mpaka siku ya kujifungua, mtoto anayeachwa nyumbani na uji mweupe mama akiwa shambani. Lakini ipo sababu moja inayotuhusu sote tunaoketi mezani. Mtoto wa Njombe hashindi na njaa. Anashiba ugali na viazi. Anachokosa ni yai, maziwa, maharage, dagaa, mboga na tunda. Yai limeuzwa, maziwa yamekwenda mjini, parachichi nzuri imekwenda kwa mnunuzi. Kuku akichinjwa, firigisi na mapaja ni ya baba na mgeni, na mtoto anapewa mchuzi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, tukicheka, bila kujiuliza kwa nini mtoto wa nyumba hiyo asubiri mgeni ndipo aonje kuku.

Angalia pia sherehe zetu, ziwe za Komunyo ya kwanza, Kipaimara, harusi au jubilei. Meza kuu hupakua bila kipimo, na wengine wetu hurudi mara ya pili kabla foleni haijaisha. Watoto huitwa mwisho, wakati sufuria la nyama limebaki mifupa, hata kama sherehe yenyewe ni yao. Kisha sahani zinakusanywa zikiwa na vipande vilivyong'atwa mara moja na kuachwa. Wahenga walisema shibe mwana malevya. Aliyelewa shibe haoni aliye pembeni yake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Papa Gregori Mkuu, alieleza kwamba ulafi una sura tano. Kula kupita kiasi ni moja tu kati ya hizo. Nyingine ni kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kutaka vilivyoandaliwa kwa umaridadi mno, na kula kwa pupa. Kwa kipimo hicho, mtu anaweza kuwa mlafi kwa kipande kimoja cha nyama, ikiwa kipande hicho kilikuwa cha mtoto.

Hapo ndipo tunapoona tunachoweza kuazima. Neno rodízio lina maana ya kuzunguka, kupokezana kwa zamu. Mhudumu hapiti mtu, na kila aliyeketi anafikiwa. Nyumba zetu zinahitaji mzunguko huo kuliko zinavyohitaji wingi wa nyama. Tunapendekeza mambo yanayowezekana. Katika sherehe za vigango na jumuiya zetu, watoto wapakuliwe kwanza, na mtu asirudi mara ya pili kabla wa mwisho hajapata. Nyumbani, kabla ya kuuza trei ya mayai, yatengwe ya mtoto aliyeanza kula na ya mama mjamzito au anayenyonyesha, kwa sababu siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa, hazirudi. Parachichi zilizokataliwa na mnunuzi kwa udogo zisiozee chini ya mti. Zipondwe ziingie kwenye bakuli la mtoto. Na sisi wanaume tujifunze kulaza kibendera mapema.

Hatumkatazi mtu kufurahia chakula. Karamu ni jambo jema, na anayekwenda Nairobi akaketi Carnivore hana dhambi kwa kuketi tu. Ila mkoa unaolisha nchi usiwe mkoa unaodumaza watoto wake. Leo jioni, kabla ya kupakua, baba wa nyumba atazame sahani ya mdogo kuliko wote. Kama kuna ugali na mchuzi tu, ahamishie humo kile kipande kilichokuwa chake.